Mota ya Mzee Inchi

Ukifungua mota iliyoungua kwa kuzidiwa na kazi, koili zake zote, zile nyaya za shaba zilizosukwa ndani, utazikuta nyeusi sawasawa, kama masufuria ya jiko moja. Ukikuta baadhi zimeiva na nyingine bado zinang'aa shaba yake, basi hiyo mota haikuzidiwa na kazi, ilinyimwa umeme. Fezi moja, yaani njia moja kati ya tatu zinazoleta umeme, ilikatika mahali fulani, zile mbili zilizobaki zikajitwisha mzigo wote mpaka zikafa. Jambo hili halihitaji shule kubwa. Kila fundi wa kusuka mota analijua, na yule waliyemwita Testa alikuwa anasuka mota tangu hajaota ndevu.

Kwa hiyo siku alipoifungua mota ya msumeno wa karakana ya Mama Mbao, akaona mafungu mawili ya koili meusi tititi na fungu la tatu safi, alijua vizuri alichokuwa anakitazama. Ndiyo maana sioni pa kumtetea. Angekuwa hajui, tungemsamehe tukaendelea na shughuli zetu.

Na si kwamba alijua fezi imekatika tu. Alijua imekatika wapi. Mama Mbao alipotaka msumeno uhamishwe kutoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma, ili mbao ndefu zipate nafasi ya kupita, kebo ilipunguka kama urefu wa mkono. Kazi ya haki ilikuwa kuvuta kebo mpya kutoka kwenye swichi kubwa. Lakini jua lilikuwa limeshakaa utosini, mteja mwingine anapiga simu bila kupumzika, na Testa alikuwa na njaa. Akaunga. Akasokota shaba kwa shaba kwa koleo, akazungushia tepu nyeusi, akapigilia ubao mwembamba juu yake ukutani ili isionekane, na ule ubao akaupaka rangi ya ukuta. Alijiambia atarudi kuiweka sawa. Mafundi wote wana karakana nyingine kichwani, kubwa kuliko ya kweli, imejaa kazi watakazorudi kuziweka sawa.

Halafu baada ya siku chache ovalodi ikaanza kukata, kile kidude kinachozima mota kabla haijajichoma. Ilikuwa inajaribu kumwambia jambo. Testa alikuja na bisibisi, akakizungusha kirungu chake mpaka mwisho wa namba ili kisisumbue watu kazini, akaondoka akipiga mluzi.

Sasa mota ilikuwa wazi juu ya meza yake ya kazi, nyuma ya nyumba, na simu ya Mama Mbao ikaingia.

"Fundi, imekufa na nini?"

Hapo ndipo palikuwa na upenyo wa kusema. Testa aliutazama upenyo huo, akaona upande wa pili Mama Mbao akimwuliza kazi ya kuunga waya kwa tepu aliisomea wapi.

"Ni mzigo, mama," alisema. "Mbao zinasukumwa kwa nguvu. Mota inachoka."

Hakumtaja mtu. Haja ya kumtaja haikuwapo. Msumeno ule ulikuwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa Mzee Inchi, baba wa mke wa Testa.

Mzee Inchi alipewa jina hilo kwa sababu alikuwa akiutazama ubao kwa jicho moja, anakwambia unene wake kwa inchi, na ukichukua tepu kupima unajiaibisha. Alikuwa kwenye karakana ile tangu enzi za marehemu mume wa Mama Mbao. Nusu ya mafundi mle ndani yeye ndiye aliyewafundisha kushika mbao mbele ya meno bila kuacha kidole. Alipenda kazi iende. Mbao yake ilikuwa ikiingia na kutoka kwa mwendo mmoja, hakuna kusita, na wengine walipotaka kumtania walisema mzee anapasua mbao kama mtu anayefukuza mwizi. Neno hilo la utani ndilo lililoupa uongo wa Testa miguu ya kutembelea.

Testa alisuka mota upya, akairudisha, ikafanya kazi. Baada ya muda si mrefu ikaungua tena.

Mara hii Mama Mbao hakuuliza kwa simu. Aliuliza pale pale karakanani, mbele ya watu wote, mikono kiunoni. Testa alikuwa ameinama kwenye msumeno anaifungua mota. Aliinua macho akamwona mkwe wake amesimama kando, vumbi la mbao limejaa kwenye nyusi, anangoja jibu kama wengine.

"Nililokwambia ndilo hilo hilo, mama," Testa alisema.

Mzee Inchi alikohoa kidogo. "Mimi naona kitu kimoja," alisema. "Asubuhi mashine haina neno. Ikifika mchana mlio wake unabadilika. Inaguna. Wakati mwingine inaguna hata kabla sijaipa mbao."

Fundi yeyote mwenye masikio mawili angeyapokea maneno hayo kwa mikono yote. Mota inayoguna bila mzigo imekosa fezi, basi. Na kiungo kibovu hulegea kikipata joto, ndiyo maana asubuhi hakina neno. Mzee alikuwa amekwisha kumaliza kazi yote ya uchunguzi, kilichobaki ni mtu wa kuitikia.

"Inaguna kwa sababu inazidiwa, Baba," Testa alisema.

Aliyasema kwa adabu zote za mkwe, sauti ya chini, macho yameinama, mkono mmoja umeshika mwingine. Adabu hiyo ilimuuma baadaye kuliko uongo wenyewe. Angekuwa amebishana naye kwa kelele, mzee angebisha. Lakini mzee akiambiwa neno kwa heshima na mkwe aliyemwozesha binti yake, fundi anayesifiwa na kila mwenye mashine, atafanyaje? Aliitazama mikono yake, akaigeuza, akasema tu, "Haya."

Mama Mbao hakuwa mtu wa kumfukuza mzee. Alimwambia apumzike na msumeno, ashike msasa, kazi nyepesi. Testa akaisuka mota tena, na msumeno ukapewa fundi mwingine waliyemwita Kabati. Kupiga msasa ni kazi wanayopewa wanaoanza. Mzee Inchi alipiga msasa miguu ya viti wiki ile yote bila kulalamika, wiki iliyofuata akaja siku moja moja, halafu akaacha kuja.

Testa alijikaza kisabuni. Alikwenda kuikagua laini, ndiyo, mtu asiseme hakwenda. Alipima fezi zote tatu na zote zikasoma kamili. Lakini alikwenda asubuhi, mashine ikiwa baridi, na alijua kwa nini alichagua asubuhi. Zile namba alizibeba kifuani siku nzima, akijiambia tazama, laini haina tatizo. Usiku hazikumsaidia. Alikuwa akifumba macho anaona lile fungu la koili safi, jinsi lilivyokuwa linang'aa.

Nyumbani nako hapakuwa na pa kujificha. Mke wake alikuwa akipita kwa baba yake kila jioni, na kila jioni akirudi na habari.

"Baba watoto, leo bawaba ya mlango wa kule kwa baba imelegea," alisema, anapakua chakula. "Unajua kaniambiaje? Kaniambia nitafute fundi."

"Fundi gani?"

"Ndiyo namuuliza na mimi. Fundi gani, baba, wewe ni nani? Akasema mikono yake siku hizi inaharibu vitu."

Testa alirudisha tonge sahanini.

"Zungumza na Mama Mbao," mke akaendelea. "Wewe anakusikiliza. Mwambie hata uongo. Sema mashine ndiyo ilikuwa mbovu, kosa halikuwa la mzee. Utapungukiwa nini?"

Aliuomba uongo ambao ulikuwa ndio ukweli wenyewe. Testa alisema ataona. Akanawa mikono kabla hajashiba, akatoka nje akakaa kwenye meza yake ya kazi bila kugusa chochote. Aliona aibu, na aliona pia kwamba aibu hiyo imekuwa kubwa kwa sababu ameilea mwenyewe. Siku ya kwanza ingekuwa aibu ya kiungo cha waya. Sasa ilikuwa aibu ya mzee mzima.

Kisha mota ikaungua mikononi mwa Kabati.

Kabati alikuwa na mwili wa jina lake na mwendo wa jina lake. Mama Mbao alipomtazama kwa jicho kali, alicheka mwenyewe. "Mama, mimi hata mlango wa nyumbani kwangu sisukumi, nangoja upepo. Leo ndiyo niseme nimesukuma mbao mpaka mota ikafa?"

Watu walicheka, na kicheko kilipokwisha macho yote yakamgeukia fundi umeme. Testa aliifungua mota pale pale sakafuni. Mafungu mawili meusi, moja safi. Safari hii mkono wake haukutaka kulifunika tena.

"Nina mota ya akiba kule kwangu," alisema. "Naileta. Halafu naomba mashine ifanye kazi mpaka mchana, mimi nikae hapa."

Akakaa. Kabati akapasua mbao kwa mwendo wake wa kungoja upepo. Saa za asubuhi zilipita, mabati ya paa yakaanza kulia kwa joto, na mashine ikaguna. Testa alisimama akapima. Fezi mbili zilikuwa zimepanda kupita kiasi, ya tatu inacheza, mara ipo mara haipo. Akamwambia Kabati azime, akakata umeme kwenye swichi kubwa, akaenda ukutani, akaung'oa ule ubao wake mwembamba wenye rangi ya ukuta. Harufu ilimfikia kwanza. Tepu ilikuwa imeyeyuka ikagandamana na plastiki ya waya, na shaba aliyoisokota ilikuwa imebadilika rangi, moja imeliwa mpaka imebaki nyuzi chache.

Mama Mbao alikuwa amesimama nyuma yake.

"Hiyo kazi ya nani?"

Kulikuwa na majibu mengi. Panya, unyevu, fundi aliyetangulia. Testa alikuwa amevaa miwani ya mbao kwa muda mrefu kiasi kwamba majibu hayo yalikuja yenyewe bila kuitwa.

"Yangu," alisema. "Niliunga siku tulipohamisha mashine. Na ovalodi nikaizungusha isikate. Mota zote zimeungua kwa hilo. Na mama, nilijua. Tangu ya kwanza nilijua."

Alingoja matusi. Mama Mbao aliutazama waya, halafu akaitazama ile pembe ya msasa, ambako viti ambavyo havijamalizika vilikuwa vimepangwa.

"Vuta kebo mpya," alisema. "Mimi nitampigia simu mzee arudi kwenye msumeno wake. Lakini maneno haya utampelekea wewe, kwa mdomo wako. Mimi siyabebi."

Alivuta kebo mpya, nzima, bila kiungo, akairudisha ovalodi kwenye namba yake. Kipande kilichoungua alikikata akakitia mfukoni, kwa kuwa alikuwa na wazo kwamba mtu akikiona kwa macho hatabisha.

Walikwenda jioni, yeye na mke wake. Mke alijua tu kwamba wanakwenda kumwita mzee kazini, na alikuwa amefurahi, anatembea mbele. Mzee Inchi alikuwa sebuleni, kwenye kiti alichokichonga mwenyewe. Alimkaribisha mkwe, akamuuliza habari za kazi na za watoto, na Testa akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayetaka kuondoka.

"Baba," alisema, "nimekuja kwa jambo. Mashine haikuwa na kosa lako. Ilikuwa na kosa langu. Niliunga waya vibaya, fezi ikawa inakatika mchana. Ulisema inaguna, ulikuwa unasema kweli. Mimi nikasema unaizidisha. Nilijua sivyo."

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu alitabasamu, tabasamu la mtu aliyeletewa zawadi na anajua imenunuliwa kwa shida.

"Umetumwa na mwanangu huyu," alisema.

"Hapana, Baba."

"Alinieleza. Alisema atakuomba uzungumze na Mama Mbao. Nilimkataza. Sikupenda uharibu jina lako la kazi kwa ajili yangu."

Testa alimgeukia mke wake amsaidie. Mke alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai, machozi yakimlengalenga, na jinsi alivyomtazama mumewe ilikuwa ni shukrani tupu. Hajawahi kumtazama hivyo tangu waoane. Alidhani amesema ule uongo aliomwomba, na amejipaka matope mwenyewe ili baba yake anyanyuke. Testa alitamani sakafu ipasuke.

Akatoa kile kipande cha waya mfukoni, akakiweka kwenye kiganja cha mzee. "Tazama, Baba. Hiki hapa. Ndicho kilichoziua mota."

Mzee Inchi alikisogeza karibu na jicho lake lile la kupimia. "Kimeungua," alisema. "Na kitaachaje kuungua, kwa jinsi nilivyokuwa nazisukuma zile mbao? Kabati mwenyewe alikuwa akinitania, sikumsikia." Akakirudisha kwa upole. "Nitarudi, mwanangu. Mama Mbao amenipigia, na wewe umekuja mpaka hapa. Siwezi kuwaangusha. Ila nitakuwa mwangalifu."

Njiani kurudi mke alimshika mkono, jambo ambalo hulifanya kwa nadra mbele za watu. Testa aliuachia ule mkono.

"Si uongo," alisema. "Nilichomwambia baba ni kweli. Kila neno."

Mke alitembea kidogo kabla maneno hayo hayajamwingia. Kisha akasimama. Watu walipita pande zote mbili, mmoja akawasalimia hakujibiwa.

"Wakati nakwambia habari za bawaba ya mlango," aliuliza, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Mke alijifunga khanga vizuri, akatangulia, na mpaka walipofika nyumbani Testa aliuona mgongo wake tu.

Kesho yake Mzee Inchi alifika karakanani kabla ya wote. Amevaa koti lake la kazi, limefuliwa. Wengine walipofika, Mama Mbao naye alimweleza habari ya kiungo, mbele ya mafundi wote, na Kabati akaongeza chumvi yake ili watu wacheke. Mzee aliitikia kwa kichwa kila mtu. Alikuwa na adabu kwao kama walivyokuwa na adabu kwake, na hakuna hata mmoja ambaye maneno yake yalimwingia.

Testa alikuwa amesimama kando ya swichi. Alitaka kuona kwa macho yake. Mzee aliwasha, na msumeno ukaimba vizuri, mlio mmoja, safi, kama siku ulipotoka kiwandani. Akaitwaa mbao. Akaifikisha mbele ya meno, akasita. Akaiingiza taratibu, kama mtu anayemtia mtoto mchanga majini, akaisimamisha, akainamisha kichwa kusikiliza mota, akasogeza tena kiasi cha unywele mmoja. Mbao ilikaa kwenye meno muda mrefu mno. Moshi mwembamba ukaanza kupanda, na ukingo wa mbao ukawa na alama ya kahawia.

Mzee alivuta mikono yote miwili na kuzima mashine.

"Umenusa?" alimwuliza Testa, uso umemshuka. "Imeanza tena kuungua."

"Ni mbao, Baba," Testa alisema. "Si mota. Mbao ikikaa sana kwenye meno inaungua. Mota haina neno, njoo uiguse. Sukuma kama zamani."

"Zamani nilikuwa naharibu."

"Hukuwa unaharibu. Nimekwambia. Ilikuwa mimi."

Mzee Inchi alimtazama kwa huruma, kweli kwa huruma, kama mtu anayemwona mwenzake anaendelea kubeba mzigo usiokuwa wake. Kabati aliinama akajifanya anatafuta penseli chini ya benchi.

"Haya," mzee alisema. Akawasha tena, akaiweka mbao mezani, akaishikilia pale. Hakuisogeza. Aliinua sauti juu ya kelele za msumeno. "Basi niambie wewe, fundi. Wewe ndiye unayejua. Nisukume kiasi gani?"

Testa hakuwahi kupasua mbao hata moja maishani mwake. Alisimama pale kando ya swichi, na mkwe wake akangoja, viganja juu ya ubao, aambiwe.